Umeme wa upepo wa Loiyangalani na Kipeto: mwenye malisho anapata nini?

Miradi ya umeme wa upepo inapofika vijijini hunadiwa kwa wananchi kama huduma yenye mafao mengi: barabara, ajira, maji, kodi ya ardhi na umeme wenyewe. Ni haki basi ipimwe kama huduma nyingine yoyote, kwa kulinganisha kilichoahidiwa na kilichofika, na hasa kwa kuuliza fedha zinaishia mfukoni mwa nani. Nimechagua miradi miwili ya Kenya ambayo humuuzia umeme mteja mmoja, yaani Kenya Power, kampuni inayosambaza umeme nchini humo, lakini kwa wakazi wake ina masharti yaliyo mbali kama mbingu na ardhi: ule wa Ziwa Turkana ulioko Loiyangalani, kaunti ya Marsabit, na ule wa Kipeto katika kaunti ya Kajiado. Kigezo changu ni kimoja. Je, mtu ambaye mifugo yake ilikuwa ikilisha hapo kabla ya mitambo kuja anapata pato linalopanda kadiri umeme unavyouzwa, au anapewa zawadi?

Kwa upande wa uzalishaji, Loiyangalani haina mpinzani. Upepo unaobanwa kati ya Mlima Kulal na Mlima Nyiru huvuma kwa wastani wa zaidi ya mita 11 kwa sekunde, na umefungiwa mitambo 365 yenye kilowati 850 kila mmoja, ambayo kwa pamoja inafikia megawati 310. Mitambo hiyo imesimama kwenye ekari zipatazo 40,000, ndani ya eneo la ekari 150,000 lililokodishwa kwa mradi. Gharama ilipita euro milioni 600, na Kenya Power ilisaini mkataba wa miaka 20 wa kununua kila uniti kwa senti 7.52 za euro. Tukikadiria mauzo ya uniti bilioni moja na nusu kwa mwaka, hesabu inatoa kama euro milioni 113. Asilimia moja tu ya fedha hizo ingezidi shilingi milioni 150 za Kenya kila mwaka, katika nchi ya ngamia na mbuzi ambako ukame mmoja unaweza kumfilisi mtu aliyekuwa tajiri msimu uliopita. Asilimia hiyo haipo. Wanahisa wa mradi ni makampuni na mifuko ya uwekezaji. Waturkana, Wasamburu, Warendille na Waelmolo wanaoishi pande zile hawamo katika orodha yao.

Kilichowafikia ni cha aina nyingine, na nisingependa kukibeza. Barabara ya kilomita 208 kutoka Laisamis hadi kwenye mradi ilikarabatiwa ili malori yaliyobeba mitambo kutoka bandari ya Mombasa yapate kupita, na leo barabara hiyohiyo ndiyo inayompa mfugaji nafasi ya kupeleka mbuzi wake kwenye soko la Merille badala ya kumngoja dalali anayemfuata nyumbani na bei yake mkononi. Kwa maoni yangu hilo ndilo pato kubwa zaidi ambalo mradi umeliacha katika eneo, ingawa halikukusudiwa kuwa pato. Upo pia mfuko wa misaada wa mradi, Winds of Change, unaoshughulikia maji, afya na elimu. Hayo ni mambo mema, lakini msaada hupangwa na mtoaji, na mtoaji huyo akibadili nia mwakani hakuna mkataba wa kumshitakia. Kuhusu ajira, wakati wa ujenzi zilipatikana nafasi zipatazo 2,500, kisha mitambo ilipokamilika zikapungua hadi mia kadhaa. Mkazi aliyeuza mbuzi ili ahamie karibu na mradi kutafuta kibarua alijikuta hana mbuzi wala kibarua.

Anayetaka kuelewa mizani ilivyoinama aitazame Sarima, kijiji kilicho ndani ya eneo la mradi. Makazi yake ni vibanda vya duara vya matawi yaliyopindwa, vikafunikwa ngozi, maboksi na magunia yaliyoshonwa pamoja, na upande wa pili imejipanga minara ya mita 44 inayozungusha mapanga yake mchana na usiku. Umeme unaozalishwa pale haukuingia katika vibanda hivyo. Sababu si uchoyo pekee. Njia ya msongo wa kilovolti 400 inayosafirisha umeme kwenda Suswa, kaunti ya Narok, umbali wa kilomita zaidi ya 400, haiwezi kuchomolewa waya mmoja njiani. Kila mahali pa kuteremshia umeme huo panahitaji kituo cha kuupooza, na kituo cha namna hiyo ni ghali mno kwa wateja wachache wanaotumia taa na simu. Hata hivyo jambo hilo lilijulikana tangu mchoro wa kwanza, na ndiyo maana aliyewaahidi wakazi umeme wa mradi alipaswa kueleza ungepitia wapi.

Njia hiyo ya umeme ina kisa chake cha fedha. Mitambo ilikuwa tayari mwaka 2017, lakini njia ilichelewa baada ya mkandarasi wa Hispania kufilisika, na umeme ukaanza kutiririka Septemba 2018. Kwa kuwa mkataba uliilazimisha Serikali kulipia umeme ambao ungezalishwa, fidia ya shilingi bilioni 5.7 ilitoka hazina, na kiasi kingine kikatandazwa katika bei ya umeme. Benki ya Dunia ilikuwa imejitoa mapema, mwaka 2012, kwa kuhofia hatari hiyohiyo. Msomaji aliweke deni hilo kando ya ile asilimia moja niliyoitaja: kilicholipwa kwa umeme usiomfikia mtu yeyote kingetosha kuwalipa wakazi asilimia hiyo kwa zaidi ya miaka 30.

Kiini cha tatizo, hata hivyo, ni karatasi ya ardhi. Eneo lile lilikuwa ardhi ya udhamini, ambayo Baraza la Kaunti ya Marsabit la wakati huo liliishika kwa niaba ya wakazi, na baraza ndilo lililoikodisha. Wakazi walikwenda mahakamani mwaka 2014. Oktoba 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliyoketi Meru iliamua kwamba hati zilipatikana bila kufuata sheria, ikatoa mwaka mmoja wa kurekebisha kasoro, na mwaka 2023 ikakataa kuuongeza muda huo. Hakuna mtambo uliozimwa kwa ajili ya hukumu hiyo. Lakini inaeleza kwa nini mapato hayakuwahi kuwa na mlango wa kuingilia: mkazi asiyetambuliwa kuwa mwenye nyumba hawezi kudai kodi kwa mpangaji.

Kipeto ilianza na karatasi. Ardhi ya pale, si mbali na Kiserian, ilikuwa imekwisha kugawanywa na familia za Kimaasai zilikuwa na hati zao, kwa hiyo mwekezaji hakuwa na njia ila kuketi na kila mwenye ardhi. Mradi wa megawati 100, wenye mitambo 60, ulianza kuuza umeme mwaka 2021. Aliye na mtambo katika ardhi yake hulipwa kodi pamoja na sehemu ya mauzo, na asilimia 5 ya faida imetengwa kwa mfuko wa jamii. Ng'ombe wanaendelea kulisha chini ya minara. Ubora wa malipo haya ni kwamba hayafuati mvua: mwaka ambao nyasi zinakauka na bei ya ng'ombe aliyekonda inaporomoka, upepo unaendelea kuvuma na fedha zinaingia, na mtu anaweza kununua majani badala ya kutupa mnyama kwa bei ya hasara.

Dosari zipo. Jirani ambaye ardhi yake haikupata mtambo anasikia mvumo uleule na hapati kodi, na kwa kuwa hati nyingi Kajiado zina jina la mwanamume, mama wa nyumba huenda akaziona fedha zinapita tu. Bado nafuu ya Kipeto ni kubwa ukiilinganisha na Kinangop, kaunti ya Nyandarua, ambako mradi wa megawati 60 ulikufa mwaka 2016 baada ya maandamano ya wakulima yaliyogharimu hata uhai wa mtu, na hakuna aliyeambulia kitu.

Kwa alama, Loiyangalani naipa nyota mbili kati ya tano, moja ya barabara na nyingine ya bei nafuu ya uniti kwa taifa, na Kipeto naipa tatu na nusu. Sheria ya Kenya haijasaidia sana. Sheria ya Nishati ya 2019 imeweka mrabaha kwa jotoardhi na kuwatengea wakazi wa eneo husika asilimia 5 ya mrabaha huo, lakini upepo haukuguswa, ndiyo maana kila kijiji kinajadiliana kwa nguvu zake.

Wasomaji wa Tanzania wana mfano mdogo unaonivutia zaidi ya yote, ule wa Mwenga, Mufindi, wenye megawati 2.4 tangu mwaka 2020, ambao umeme wake huuzwa moja kwa moja kwa vijiji vya karibu kupitia mtandao wa kampuni hiyohiyo. Hapo faida inaonekana kwenye mashine ya kusaga. Kwa Singida na Makambako, ambako upepo unatajwa kwa miradi mikubwa zaidi, mkutano mkuu wa kijiji ndipo mahali pa kubana masharti, tena kabla ardhi ya kijiji haijahamishwa kuwa ardhi ya jumla kwa ajili ya mwekezaji, kwa sababu ikishahama kijiji si mwenye nyumba tena. Wajumbe wadai malipo yanayohesabiwa kwa uniti zilizouzwa, yaandikwe kwenye mkataba, na akaunti itakayopokea fedha itajwe kwa jina siku hiyohiyo.