Uzoefu wangu na Node Exporter: kufuatilia kumbukumbu nodi kwa nodi, kanda kwa kanda

Kama unasimamia seva yenye prosesa mbili na bado unapima kumbukumbu yake kwa tarakimu moja ya jumla, maoni haya nimekuandikia wewe. Nashughulikia mifumo ya sacco moja hapa Nairobi, ofisi zetu ziko Upper Hill, na Node Exporter, programu ndogo inayokusanya vipimo vya seva ya Linux, nimeishi nayo muda wa kutosha kuisifu na kuilalamikia.

Shida yetu ilikuwa ya mwisho wa mwezi. Mishahara ikishaingia, wanachama wanamiminika kutoa pesa na kuulizia salio kwa simu, na hapo ndipo mfumo ulipoanza kusuasua. Meneja wa tawi ananipigia: "Ndugu yangu, foleni imefika mlangoni na mashine imelala." Nikifungua dashibodi tuliyokuwa tunailipia wakati huo, naona gigabaiti 60 na ushei ziko wazi. Kwa dashibodi ile, mambo yalikuwa shwari. Waliotuuzia wakatushauri tuongeze kumbukumbu.

Seva yenyewe ina gigabaiti 256, ila hazikai mahali pamoja. Kila prosesa ina nusu yake iliyo karibu nayo: nodi 0 na nodi 1. Prosesa ikitaka kilicho kwa mwenzake, njia ni ndefu zaidi. Amri ya `numactl --hardware` inaonyesha umbali huo kwa namba za kulinganisha tu, na kwetu ni 10 ndani ya nodi, 21 ukivuka. Kisha kila nodi inagawanywa kwa kanda. DMA ni megabaiti 16 za mwanzo, DMA32 inaishia gigabaiti 4, na Normal ndiyo kubwa inayobeba kazi yote. Kwetu DMA na DMA32 ziko nodi 0 pekee.

Kila kanda ina alama tatu: min, low na high. Fikiria tangi la maji juu ya paa lenye pampu inayojiwasha. Kumbukumbu iliyo wazi ikishuka chini ya low, kswapd ya nodi hiyo, yaani msafishaji wa kumbukumbu aliye ndani ya Linux, inaamka na kuanza kukomboa kurasa (vipande vidogo vya kumbukumbu). Ikifika high, inalala tena. Ikishuka hadi min, programu inayoomba kumbukumbu inalazimika kusimama na kufanya usafi huo yenyewe, na hapo ndipo mtu aliye kaunta anapoona skrini imeganda.

Habari hizi zote ziko kwenye faili la `/proc/zoneinfo`, lakini nani atakaa analisoma saa nane mchana foleni ikiwa mlangoni? Node Exporter inalisoma kwa niaba yako na kuiachia Prometheus, programu inayohifadhi vipimo na kutoa arifa, vipimo hivyo kupitia mlango 9100, kila kipimo kikiwa na jina la nodi na la kanda. Shika hili: sehemu inayosoma kanda haijawashwa unapoisakinisha. Ni lazima uongeze `--collector.zoneinfo` na `--collector.meminfo_numa` mwenyewe. Wengi wanaisakinisha, wanaona grafu za jumla, wanadhani wamemaliza.

Mwisho wa mwezi uliofuata nikaona wazi. Nodi 0, kanda ya Normal: kurasa 38,112 ziko wazi, wakati low ni kama 44,600. Ukurasa mmoja ni kilobaiti 4, kwa hiyo hizo ni megabaiti 149 hivi. Nodi 1 ilikuwa imekalia gigabaiti zake 60 bila kuguswa. kswapd0 inahangaika, kswapd1 imelala, na swapu (data inayohamishiwa diski kumbukumbu ikibana) inapanda. Kumbukumbu wazi kuwa chache si ugonjwa, maana Linux hupenda kuitumia kuhifadhi mafaili yaliyosomwa. Ugonjwa ni kukaa muda mrefu chini ya low huku swapu ikipanda.

Kilichonisumbua kichwa ni numa_miss, ambayo haikusogea hata kidogo. Kipimo hicho huongezeka pale programu inapokosa nafasi kwenye nodi iliyoitaka na kupewa kwingine. Yetu haikuwahi kupewa kwingine kwa sababu ilikuwa imekatazwa: aliyetufungia mfumo aliiwasha hifadhidata kwa `numactl --membind=0`, yaani ichukue kumbukumbu ya nodi 0 peke yake. Kwa hiyo kila ombi lilihesabiwa kuwa limefanikiwa, na grafu ikapendeza huku watu wakisubiri. Waliokuambia uangalie numa_miss peke yake hawajakusaidia.

Tuliweka `--interleave=all` badala yake, inayogawa kumbukumbu kwa zamu kwenye nodi zote, tukaiwasha upya usiku. Mishahara iliyofuata ilipoingia, mistari ya nodi mbili ilishuka pamoja na swapu haikupanda. Hatukununua hata gigabaiti moja. Dawa hii haifai kila mahali, kwani sehemu ya usomaji sasa inavuka kwenda nodi ya pili, lakini kwa hifadhidata kubwa inayohudumia watu wengi kwa pamoja, kwetu imekaa vizuri.

Malalamiko ninayo. Vipimo ni vingi kupita kiasi, na majina yake yametolewa kwenye keneli (kiini cha Linux) bila maelezo ya maana. Kijana mgeni kazini atapotea. Ukiweka arifa kwa kanda zote bila kuchagua, DMA itakupigia kelele bure, kwa hiyo iondoe mapema. Pia haikwambii ni programu gani imejaza nodi. Kwa hilo bado naingia kwenye seva na kutumia `numastat -p`. Na Prometheus ikisoma kila baada ya sekunde 15, msukosuko wa sekunde mbili unaweza kupita bila kuonekana.

Naipa nyota nne kati ya tano. Ni ya bure, ni nyepesi, na msimbo wake uko wazi. Mwenye seva ya nodi moja hana haja ya kuhangaika na hesabu za nodi. Mwenye nodi mbili au zaidi, chora kwanza grafu moja: kurasa zilizo wazi kwenye Normal ya kila nodi, na mstari wa low chini yake. Arifa yetu sasa inalia nodi moja ikikaa chini ya mstari huo kwa dakika tano ilhali nyingine ina nafasi, na inanifikia kabla meneja hajashika simu.