TAHADHARI: Muuza samaki anayejiita daktari na kutibu kwa picha za WhatsApp, Dar es Salaam

Ndugu zangu mnaofuga samaki wa mapambo hapa Dar, someni hii kabla hamjatuma hela. Kuna mtu anauza matangi na samaki kupitia Instagram, na wakianza kuumwa anageuka kuwa daktari wao. Mimi nimepigwa Sh 310,000 kwa jumla, na katika samaki kumi wamebaki watatu.

Nilimwahidi binti yangu tangi akimaliza mtihani wa darasa la saba. Nikampata huyu bwana, akasema duka lake liko Kariakoo ila siku hiyo limefungwa, nilipe tu, boda ataniletea Tabata. Jina lililotokea wakati wa kulipa halikuwa lile la ukurasa. Hapo ndipo nilipotakiwa kusimama, lakini mtoto alikuwa pembeni yangu anachagua rangi. Mchana tangi la lita 60 likafika, pamoja na filta, pampu ya hewa na goldifishi kumi kwenye mifuko ya nailoni. Maelekezo yake: "Jaza maji, yaache yatulie saa moja, tia samaki."

Siku ya nne wote wakawa juu ya maji, wanahema midomo wazi, mapezi yamebana ubavuni. Wawili walikuwa na matamvua mekundu kama yaliyoungua. Nikamrekodia video. Hazikupita dakika mbili, ikaja sauti: "Hao wana fangasi na bakteria, dada, dozi ni elfu arobaini na tano, wahi kabla hawajaisha." Hakuuliza tangi lina siku ngapi. Hakuuliza maji nimetoa wapi, wala nawalisha mara ngapi. Nikalipa. Ikaletwa chupa ya maji ya bluu isiyo na lebo na kipakiti cha unga wa njano. Nikatia kama alivyosema, maji yakawa na ukungu, na asubuhi wanne walikuwa wanaelea. Nilipomwambia, akasema ugonjwa ulikuwa umekomaa, ninunue dozi ya pili na samaki wapya kwa bei ya punguzo.

Rafiki yangu mmoja anayefuga siku nyingi alikuja na kipimo cha amonia, kile cha matone. Maji yakiwa salama, kipimo hubaki njano. Ya kwangu yaligeuka kijani kibichi kabisa. Samaki wangu walikuwa wanakufa kwa sumu ya uchafu wao wenyewe. Samaki hutoa amonia kwa matamvua, na chakula kilichobaki na kinyesi huongeza nyingine. Kwenye tangi lililokomaa kuna bakteria wazuri wanaoishi ndani ya filta, wanaigeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati ambayo si kali kiasi hicho. Bakteria hao huchukua kama wiki nne hadi sita kujijenga. Yeye alinipa saa moja, na samaki kumi kwa mpigo! Joto letu nalo linazidisha, kwa sababu maji ya moto hubeba oksijeni kidogo na amonia ndani yake huwa kali zaidi.

Ule unga niliupeleka kwa mama wa duka la dawa za mifugo hapa mtaani. Akasema unafanana na dawa ya kuku ya kuua bakteria, ila bila lebo hawezi kuapa. Kama ndiyo, basi hata wale bakteria wachache waliokuwa wameanza kwenye filta niliwamaliza kwa mkono wangu. Hilo linaniuma kuliko hela.

Kilichonifanya niandike ni dada mmoja wa Mbagala. Samaki wake walikuwa na vidoa vyeupe kama punje za chumvi na walikuwa wanajisugua kwenye mawe. Huo ni ugonjwa wa madoa meupe, unaoletwa na kimelea, wala si fangasi wala bakteria. Kimelea kikiwa chini ya ngozi dawa haikifikii. Dawa huwaua watoto wake, pale kinapodondoka, kikazaliana chini ya tangi, nao wakaanza kuogelea kutafuta samaki. Ndiyo maana tiba yake hurudiwa kwa siku kadhaa. Yeye aliambiwa dozi moja inatosha. Tukalinganisha simu zetu: chupa ile ile ya bluu, unga ule ule, na ile sauti ni moja, neno kwa neno, mpaka "wahi kabla hawajaisha". Magonjwa mawili tofauti kabisa, jibu moja.

Samaki wako wakihema juu ya maji wote kwa pamoja, shuku maji kwanza. Ugonjwa wa kuambukiza mara nyingi huanza kwa mmoja au wawili ndipo usambae. Badilisha theluthi moja ya maji, acha kulisha siku moja au mbili, hakikisha pampu inafanya kazi (umeme ukikatika usiku, amka ukaangalie). Maji ya bomba yana klorini, yalaze kwenye ndoo wazi siku nzima kabla ya kuyatia. Sponji ya filta usiioshe bombani, isuuze kwa maji uliyotoa kwenye tangi.

Huyu mtu ameshabadilisha jina la ukurasa mara moja tangu nianze kumdai, kwa hiyo msitafute jina, mtambueni kwa mwenendo: duka halifunguki, jina la malipo ni jingine, dawa haina lebo, na haulizi chochote kuhusu maji. Mliokwisha kumlipa msifute meseji za miamala wala zile sauti. Namba yake tuipeleke TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kupitia 15040, na mimi na dada wa Mbagala tunakwenda polisi Jumatatu. Anayetaka kuungana nasi aniandikie inbox kabla ya hapo, aje na ushahidi wake.