Makumbusho ya Mkwawa, Kalenga: nenda bila haraka

Jengo ni dogo tu. Mwenye haraka analimaliza kwa dakika kumi, lakini mimi na binti yangu tulikaa karibu masaa mawili, na kilichotuweka ni mwongozaji. Alitupokea kwa "kamwene", salamu ya Kihehe, na tangu hapo sikumsikia akisema "Wahehe walifanya hivi". Kwake ni sisi: tulimvizia Zelewski, kamanda wa Wajerumani, pale Lugalo, Agosti 1891, tukakifyeka kikosi chake, Oktoba 1894 wakarudi na mizinga wakatuvunjia ngome, hapa hapa Kalenga. Anasimulia kama mtu anayekupa habari za ukoo wake.

Kuna makumbusho niliyowahi kupita Ulaya, siitaji, ambako mkuki wa kwetu umewekewa kibao: "Umepatikana Afrika Mashariki." Umepatikana! Utadhani uliokotwa njiani.

Kalenga, fuvu la Mkwawa, Mtwa (yaani mtawala) wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, liko ndani ya kioo, dogo kuliko nilivyowaza. Alijipiga risasi Julai 1898 asikamatwe, Wajerumani wakakikata kichwa wakaondoka nacho. Mkataba wa Versailles wa 1919 uliagiza kirudi ndani ya miezi sita (humo wamemwita Sultani, sijui usultani kaupata wapi). Miezi sita ikawa miaka zaidi ya thelathini: mwaka 1954 Twining, gavana Mwingereza wa Tanganyika, alimkabidhi fuvu Chifu Adam Sapi, mjukuu wake Mkwawa. Na namna lilivyopatikana ni kwa kupima mafuvu yaliyokuwa Bremen na kuyalinganisha na vichwa vya ndugu zake, kwa hiyo wapo wanaotia shaka kama ndilo. Nikauliza hilo waziwazi, nikitegemea kukemewa. Wala. Alinieleza upimaji ule hatua kwa hatua, halafu akaniambia wazee walishampokea Mtwa wao, na yeye anaishia hapo.

Binti yangu alikuwa amebandika pua kwenye kioo. "Mama, mbona hawamziki?"

Mwongozaji akanitazama, nami nikamtazama yeye. Mpaka leo namdai jibu, au labda binti ndiye ananidai mimi.

Kufika ni rahisi, ni kama kilomita 15 kutoka Iringa mjini, barabara ya kwenda Hifadhi ya Ruaha. Wanaowahi tembo hupitiliza. Nyie teremkeni, na mwongozaji mumuulize maswali magumu, anayapenda.