Mkopo wa Asilimia 10 Jiji la Tanga: Riba Hakuna, Subira Ndiyo Bei

Kwa mama lishe wa Ngamiani au wavuvi wa Tongoni, ni vigumu kupata mkopo rahisi kuliko huu wa halmashauri. Riba hakuna. Kikundi kikichukua milioni 10 kinarudisha milioni 10. Tunaupa nyota tatu kati ya tano, na zile mbili zimeliwa na muda.

Chanzo chake ni kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kilichoongezwa mwaka 2018. Halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Si mapato yote, maana yaliyolindwa, kama ya huduma za afya, huondolewa kwanza. Chukulia zimebaki bilioni 5: fungu la mikopo ni milioni 500, wanawake wapate milioni 200. Vikundi vikiomba milioni 20 kila kimoja, kumi tu vimelimaliza. Marejesho ya waliokopa mwanzo ndiyo yanayoongeza vikundi vingine, kwa hiyo kikundi sugu kisichorejesha cha kata ya pili kinawachelewesha na nyinyi.

Neno la kuchunga ni "zimetengwa". Madiwani wakipitisha bajeti wamepitisha makisio. Fedha yenyewe inaingia kidogo kidogo kuanzia Julai 1, kadiri ushuru wa masoko, leseni na kodi za vibanda zinavyokusanywa. Kwenye taarifa ya robo mwaka ruka safu ya bajeti, soma makusanyo halisi, halafu kiasi kilichotolewa. Makusanyo yakipanda na kilichotolewa kikabaki palepale, hapo pana swali la kumpelekea diwani kabla ya kikao cha baraza.

Kuomba kwenyewe si kugumu. Wanawake na vijana wanahitaji watu wasiopungua watano. Mwenye ulemavu anaweza kuomba hata peke yake. Anzeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata: katiba, muhtasari wa kikao cha kuomba mkopo wenye saini za wote, vitambulisho, cheti cha usajili, akaunti ya benki ya kikundi na andiko la mradi. Mwenye ajira rasmi msimweke. Maombi huingizwa kwenye mfumo wa kompyuta, na jina lililoandikwa Mwanaidi kwenye kitambulisho na Mwanaid benki linatosha kuwarudisha nyuma. Linganisheni herufi kwa herufi kabla ya kupeleka.

Andiko ndilo linaloangusha wengi. "Biashara ya samaki" halitoshi. Andikeni mnanunua kilo ngapi pale soko la Deep Sea, kwa bei gani, mafuta na mkaa wa kukaangia ni kiasi gani, zinazoharibika ni ngapi, na siku ambazo bahari haitoi kitu mnakula nini. Ankara kifani (karatasi ya bei mnayopewa na muuzaji kabla ya kununua) ya jokofu au mashine ya boti iwe ya karibuni. Ikikaa miezi mitano mezani bei imeshapanda, na tofauti itatoka mifukoni mwenu. Acheni nafasi ya asilimia 10 hivi kwa ajili ya bei kupanda.

Ugonjwa mwingine ni kugawana. Fedha ikiingia asubuhi, jioni kila mmoja ana chake, na miezi mitatu baadaye mwenyekiti anadaiwa peke yake. Mikopo hii ilisitishwa Aprili 2023, baada ya ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) kufichua vikundi hewa na madeni yasiyorejeshwa, ikarudi 2024 kwa uhakiki mkali zaidi. Uhakiki huo unachosha, ila tunauunga mkono. Chombo kikinunuliwa, stakabadhi na usajili viwe kwa jina la kikundi, hata kama bodaboda inalala kwa mtu.

Kwa wavuvi kuna hesabu ya upepo pia. Nyavu na mashine zikipatikana Mei, kusi imeshaanza, siku za kutoka zinapungua na marejesho hayasubiri. Kabla ya kusaini mkataba ombeni ratiba yenye rejesho dogo hadi Septemba na kubwa kaskazi ikiingia. Mkishasaini, kubadilisha ni barua juu ya barua.