Kampuni iliyotusafirishia mwili wa kaka yetu: kazi nzuri, ila invoisi waiangalie upya

Naandika hii kwa ajili ya mtu aliyepigiwa simu sasa hivi kwamba ndugu yake amefariki nje ya nchi na hajui aanzie wapi. Jina la kampuni silitaji kwa sababu kuna kitu kimoja hawakukifanya sawa na ntakisema hapa, lakini kwa ujumla nawapa nyota nne na nawashukuru kutoka moyoni.

Simu walipokea usiku. Dada wa pale akatoa pole, akatulia kidogo, ndo akaanza kuuliza: amefia hospitali au ni ajali, alikuwa na bima ya safari, pasipoti yake iko wapi, mwili uko mochwari gani. Hilo swali la kifo kimetokeaje ni la muhimu mno maana kikiwa cha ghafla au cha ajali polisi wanaingia, kunafanyika postmotamu na hakuna kampuni inayoweza kuutoa mwili mpaka wenye mamlaka waruhusu. Kwa hiyo ukikutana na mtu anakuahidi siku ya kufika kabla hajauliza hilo, tafuta mwingine. Na bima ulizeni mapema kabla hamjalipa chochote, bima nyingi za safari zinagharamia kurudisha mwili ila wanataka wao ndo waidhinishe kampuni.

Kilichofanya niwaamini ni pale aliponiambia, "Dada yangu, msitangaze siku ya mazishi na msikate tiketi za watu mpaka niwape namba ya eawei bili." Yaani ile karatasi ya kago inayoonyesha mwili umeshapangiwa ndege. Nyumbani watu walichukia, simu kila saa tunazika lini tunazika lini na mimi sina jibu, lakini dada alikuwa sahihi kabisa kwa sababu hizi karatasi zinategemeana. Cheti cha kifo kikichelewa ubalozi hauwezi kutoa kibali, na bila kibali, cheti cha kuwekewa dawa ya kuzuia mwili usiharibike na barua kwamba marehemu hakuwa na ugonjwa wa kuambukiza, shirika la ndege halipokei jeneza. Ndege ikipitia nchi nyingine nako wanaweza kutaka kibali cha kupitisha. Zile nchi za Ulaya zilizoingia mkataba wa Strasbourg wa 1973 zimerahisishiana kidogo, mwili unatembea na hati moja ya kupita, ila ukitoka nje ya hapo kila nchi ina masharti yake.

Kuna siku akanitumia wasap picha ya cheti cha kifo kabla hakijapigwa muhuri, amezungushia kwa kalamu nyekundu herufi moja kwenye jina la ukoo. Pasipoti ina h, cheti hakina. Akasema hii ikipita hivi tutakwama ubalozini, na hata huku mkifungua mirathi au benki itawasumbua, ikarekebishwa kabla ya muhuri. Mimi kwa hilo tu ningewalipa tena.

Jeneza nalo walitueleza vizuri bila kutusukumia la bei kubwa. La safari lina zinki ndani, inachomelewa mpaka hewa haipiti, nje mbao, halafu kago inatozwa kwa kilo kwa hiyo jeneza zito linakula hela bure. Na wakatuuliza kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekifikiria, je ndugu watataka kumuona? Maana zinki ikishachomelewa kuifungua ni kuikata, na sio kila sehemu wanaruhusu ifunguliwe. Mama alitaka kumuona, basi tukajua mapema wa kuomba ruhusa ni nani na fundi atakuwepo. Ndani ya jeneza waliweka mwili na nguo zake tu. Simu, saa na pochi vilikuja kwenye mfuko uliofungwa na orodha imesainiwa, hakikupungua kitu, hata sarafu za mfukoni zilihesabiwa.

Sasa ile nyota niliyowanyima. Invoisi ilisema "mpaka uwanja wa ndege" na sisi tukaelewa gharama zimeisha. Kumbe upande wa kupokea kuna malipo ya kago, ya kutunza mwili karatasi zikichelewa, ya kliaransi, yaani kuutoa mwili forodhani, na ya gari, na watu wako kwenye msiba wanaanza kuchangishana pale pale getini. Hiyo sio haki jamani, wangeandika mstari mmoja tu kwamba haya hayamo humu. Ukipewa invoisi uliza nani analipa kuanzia ndege ikitua mpaka gari linatoka geti la kago, na majibu yaandikwe. Na watu wenu waambieni waende kago, sio kwa abiria, shangazi na wenzake walisimama upande wa abiria muda mrefu sana na jeneza lilishashushwa kule nyuma.

Wanaoleta majivu ya marehemu aliyechomwa, mimi sijatumia huduma hiyo, ila dada alimwambia jirani yangu achukue chombo cha mbao au plastiki, sio cha chuma, maana lazima kipite kwenye eksirei na wakishindwa kuona ndani wanaweza kukikataa, na cheti cha kuchomwa mwili akishike mkononi asikiweke kwenye begi linalopakiwa chini ya ndege.