Siwa mbili za Makumbusho ya Lamu: uzoefu wangu

Makumbusho ya Lamu si makubwa. Ni jumba la ghorofa linalotazama bahari, lililojengwa mwishoni mwa karne ya 19 na kukaliwa na maafisa wa Kiingereza zama za ukoloni. Mwenye haraka anaweza kuyazunguka upesi akaenda zake. Nakusihi usifanye hivyo, kwa sababu humo ndani mna siwa mbili, na kwangu hizo peke yake zinatosha kumvusha mtu maji.

Siwa ni baragumu la enzi. Hupulizwa ubavuni, si nchani, na zamani ililia kwenye harusi na jando za koo bora na wafalme walipotawazwa. Ile ya Lamu ni ya shaba. Ya Pate, kisiwa jirani, ni ya pembe za ndovu, inapita mita mbili kwa urefu, na inakadiriwa kuwa na umri wa miaka 300 hivi.

Hiyo ya Pate ndiyo iliyonishika. Niliitazama kwa karibu: vipande vya pembe vilivyounganishwa, nakshi alizozichonga fundi kwa subira ya ajabu, na lile tundu la ubavuni ambalo midomo ya watu imeligusa vizazi kwa vizazi. Mapokeo ya Pate yanasimulia kwamba Mwana Darini, mwanamke wa ukoo bora, alitaka kumfanyia mwanawe sherehe ya jando, akanyimwa siwa ya kifalme. Sherehe ya mtu wa hadhi yake bila siwa ilikuwa fedheha mbele ya mji mzima. Basi akamwagiza fundi amchongee yake, ya pembe. Nimesoma habari nyingi za masultani wa pwani, wakipigana na kupokonyana viti, lakini hakuna iliyonigusa kama hii ya mama aliyekataa mwanawe adhalilishwe. Na jibu lake unalo mbele ya macho, zima.

Vyumba vingine vina vyombo vya nyumbani, mapambo ya fedha, viti vya enzi na milango ya nakshi. Vizuri vyote, ila nilivipita haraka kidogo ili nifike kwenye mitepe, vyombo vya baharini vya kale. Ni mifano midogo tu, lakini inakuonyesha jinsi mbao za chombo zilivyoshonwa kwa kamba za makumbi bila msumari hata mmoja, na tanga lake la mkeka. Wajukuu wa mabaharia wa mitepe wangali wanaunda majahazi visiwani humo, kwa hiyo ukitoka nje unaweza kulinganisha kwa macho yako.

Ushauri wangu: chukua mwongozaji, tena mwenyeji, na umwulize maswali kwa Kiswahili. Mzee aliyenitembeza alichangamka zaidi nilipotaja Mwana Darini, na mengi aliyonieleza hayamo kwenye maandishi ya ukutani. Ukiwa na watoto, waanzishe kwenye siwa kabla hawajachoka. Baadaye, kama muda upo, ingia mitaani uone Nyumba ya Kiswahili na ile posta ya Wajerumani iliyofanya kazi kuanzia 1888 hadi 1891. Zote ziko mwendo wa miguu, na njiani utakayempisha ni punda.