Amalgamu ya kuziba meno: imara, lakini ina zebaki

Kwa gego linalotafuna kutwa, amalgamu bado ni imara: hudumu miaka 10 na zaidi, na huvumilia unyevu wa mate wakati wa kuziba kuliko kompositi, yaani kizibo cha plastiki chenye rangi ya jino. Kasoro ni kilichomo. Karibu nusu ya uzito wake ni zebaki; iliyobaki ni fedha, bati na shaba. Kutafuna, kusaga meno usingizini na vinywaji vya moto hutoa mvuke kidogo wa zebaki, unaoingia kupitia mapafu na hatimaye kutoka zaidi kwa mkojo. Basi ukitaka kujua zebaki itokayo kwenye kizibo, pima mkojo. Kipimo cha nywele huonyesha zaidi zebaki itokanayo na kula samaki. Mlaji wa papa au jodari asikimbilie kulaumu jino.

Amalgamu iliyo nzima iache. Kuichimba ndiko kunakopandisha kiwango cha zebaki mwilini, japo kwa muda. Ikibidi kuitoa, dai pazia la mpira mdomoni, maji mengi, mashine ya kunyonya yenye nguvu, na ikatwe vipande vikubwa badala ya kusagwa. Mjamzito, anayenyonyesha na mtoto wa chini ya miaka 15 wazibwe kwa kompositi au glasi ayonoma (saruji ya meno isiyo na zebaki). Umoja wa Ulaya umepiga marufuku amalgamu tangu Januari 2025, isipokuwa tabibu akiona ni lazima.